Mama Manyoya na Ndege 412

Saa moja na nusu asubuhi. Mama Manyoya anavaa glavu, anavuta droo ya tatu ya kabati la chuma na kumtoa ndege mdogo wa kahawia. Anampima ubawa kwa rula, kisha anasoma kwa sauti, kana kwamba anaita mahudhurio darasani: "Milimita sitini na mbili. Dume. Mteremko wa magharibi."

Ndege huyo alikufa miaka arobaini iliyopita. Amejazwa pamba, na mguuni amefungwa kibandiko cha karatasi.

Mama Manyoya, kama wenzake wanavyomwita, ana miaka 51 na ndiye mtunza orodha wa ghala la ndege la makumbusho. Aliingia humo na ndoo na fagio. Kwa miaka tisa alipiga deki huku akisoma vibandiko kimyakimya, mpaka siku alipomsahihisha mkuu wa ghala aliyekuwa akimrudisha ndege kwenye droo isiyo yake.

"Nilijua kazi imeota mbawa," anacheka. "Kumbe ndiyo kwanza naipata."

Nyumbani mumewe humtania: "Mke wangu analea ndege wasioruka wala kudonoa."

Mtihani ulikuja miaka miwili iliyopita. Bomba lilipasuka darini, maji yakaloanisha rafu nzima. Ndege walipona, lakini wino wa vibandiko 412, ulioonyesha kila ndege alikotoka, ulichujuka. Zikabaki namba za penseli tu. Daftari kuu likawa uji.

"Andika 'hapajulikani', tusonge mbele," mkuu alimwambia.

"Mkuu, nikiandika hivyo nitakuwa nimewaua mara ya pili. Nipe miezi mitatu."

Alimtafuta binti wa marehemu aliyewakusanya ndege hao. Binti akamfungulia sanduku la bati lililojaa vijitabu vya safari. "Karibu, dada," alimwambia, "ila mwandiko wa baba ni kuku kapita."

Tatizo, marehemu alianza kuhesabu upya kila safari, hivyo ndege watatu waliweza kuwa na namba moja. Lakini alikuwa ameandika pia urefu wa mbawa. Mama Manyoya akaanza kupima, mmoja mmoja. Miezi mitatu ikawa saba.

"Shingo ilikakamaa. Lakini maji nilishayavulia nguo."

Ndege 389 walipata kwao. Waliobaki, 23, aliwaandikia 'hapajulikani' kwa mkono wake. "Niliumia. Ila kubahatisha ni kusema uongo kwa wino."

Miongoni mwa waliopata kwao walikuwamo kumi na mmoja wa kifua cha manjano, waliodhaniwa huishi mashariki mwa mlima tu, ilhali vijitabu vilisema walitoka mteremko wa magharibi. Mwezi uliopita watafiti walipanda magharibi kuhakikisha. Mkuu alimpigia simu kutoka msituni.

"Aliinua simu juu tu. Nikasikia filimbi ya huyo kifua cha manjano, akiwa hai. Nikakaa chini."

Watafiti wanarudi huko karibuni, na safari hii yumo. Hajawahi kupanda mlima. Amenunua viatu vigumu, na kila jioni anazunguka nyumba navyo ili vilainike, mumewe akimhesabia mizunguko mlangoni.

"Nitapanda polepole," anasema. "Hata kwa magoti, nitafika."