Redio Inayojua Njia ya Kamituga

"Ombi la Idhini ya Kufunga Chombo cha Sauti au cha Kuelekeza Njia Ndani ya Gari la Abiria." Ndivyo fomu ilivyoitwa, katika ofisi moja ya mji wetu ambamo, vita au si vita, hakuna kinachofungwa bila muhuri.

Mbele yangu kwenye foleni, dereva mmoja aliweka mezani kwa karani vyombo viwili: kimoja chenye kioo na ramani, kilichong'olewa kwenye gari la Kijapani, na redio kuukuu. Fomu iliruhusu kimoja tu.

"Chukua ya kioo, papa," karani alimshauri. "Iko na karte."

"Iko na karte ya Tokyo, shefu. Maman yangu iko Kamituga, tangu vita ifunge barabara."

"Na redio itakuonyesha Kamituga?"

"Saa sita redio inasoma makomunike, matangazo ya watu. Siku barabara itafunguka, watu ya kule watatangaza."

Karani akatazama saa, akaunganisha redio kwenye betri iliyokuwa chini ya meza, "kwa ukaguzi." Foleni nzima tukasogea kusikiliza. Ndoa moja, misiba miwili, mbuzi aliyepotea Kadutu. Kisha ikatangazwa kwamba magari yanapita tena hadi Kamituga.

Penye "aina ya chombo" karani alikuwa ameshaandika "Sauti". Akaifuta, akaandika "Kuelekeza Njia", akagonga muhuri. Katika miaka yangu yote ya foleni sijaona fomu iliyojazwa kwa usahihi kama ile.

Dereva alifunga redio garini mwake, akaenda Kamituga, akarudi na mama yake.