Kipaza, mwanamke anayewapandisha wageni rasini

“Kaeni upande wa mlima! Upande wa bahari waachieni ndege!”

Wageni wanacheka, lakini wanatii. Wanajipanga mstari mmoja nyuma ya mwanamke mfupi mwenye kofia pana na viatu vya mpira, na kuanza kupanda njia iendayo ncha ya rasi. Chini yao mawimbi yanapiga mwamba na kupasuka, meupe pe.

Jina lake la kuzaliwa wachache wanalikumbuka. Katika vijiji vyote viwili vilivyo chini ya rasi, kile alikozaliwa na kile alikoolewa, anaitwa Kipaza. Ukimsikia akisalimia mtu, huulizi sababu.

“Mama anasema nilizaliwa nikilia mpaka majirani wakadhani kuna ugomvi,” anasema, na kuangua kicheko ambacho bila shaka kimefika bondeni.

Sauti hiyo iliwahi kumponza. Alikuwa akisafisha vyumba katika nyumba ya wageni, na kila asubuhi wageni walilalamika kwamba anawaamsha. Alijitahidi kunong’ona, wapi! Mwishowe mwenye nyumba akamwambia atafute kazi nyingine.

“Nililia njia nzima. Na huko kulia kwenyewe, watu walitoka nje kutazama!”

Siku chache baadaye alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba yake, ukungu ukashuka ghafla. Akasikia sauti nyembamba kutoka juu ikiomba msaada. Baba, mama na binti zao wawili, wageni wa nyumba ile ile iliyomfukuza, walikuwa wamepanda rasini peke yao, na sasa hawakuiona njia. Hatua moja ya kukosea ingewatupa baharini.

Kipaza aliacha nguo kwenye beseni. Akapanda akipapasa ukuta wa mawe ulio kando ya njia, hadi ukuta ulipoishia. Hapo akasimama, akaita.

“Niliwaambia: kaeni chini, shikaneni mikono, mje kwa makalio mkifuata sauti yangu. Niliogopa nikinyamaza tu, watapotea. Maneno yakaniishia, nikaanza kuwasimulia habari za ndoa yangu.”

Mumewe, fundi seremala, anatikisa kichwa. “Vijiji viwili vikajua kwamba ninakoroma.”

Binti mdogo ndiye aliyechomoza kwanza kwenye ukungu. Akamkumbatia Kipaza kiunoni, akagoma kumwachia. Wengine wakafuata, wamechubuka, lakini wazima.

Kesho yake mwenye nyumba ya wageni alibisha hodi. “Dada, nilikukosea,” akasema. “Wageni wanataka kupanda, na wanataka kupanda na wewe.”

Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo inayosomesha wanawe. Sharti alilotoa lilikuwa moja: safari isiishie kileleni. Wageni wake hupanda kutoka kijiji kimoja na kuteremkia kingine, wakanywe chai kwa wifi yake na kununua vikapu kwa jirani.

“Zamani walipiga picha wakaondoka,” anaeleza. “Sisi tulikuwa tunaona migongo yao tu.”

Leo kundi lina mgeni wa pekee: mama yake mzazi. Ameishi chini ya rasi hii maisha yake yote na hajawahi kufika juu.

“Nilikuwa na watoto na shamba,” anasema bibi huyo. “Nani angenipikia huku mimi natazama bahari?”

Katikati ya njia magoti yanakataa. Mkwewe, fundi seremala, alilitarajia hilo. Amebeba kiti cha jikoni mgongoni. Yeye na wageni wanamketisha bibi kwenye kiti na kumpandisha, naye akiwakemea wasimtikise.

Kileleni anatazama bahari kidogo tu. Kisha anageuka, na kuviona vijiji vyote viwili kwa pamoja: paa lake huku, paa la bintiye kule.

“Kumbe ulipoolewa hukwenda mbali hivyo,” anasema taratibu. “Miaka yote nilidhani umekwenda mbali.”

Kipaza anavua kofia, anajifuta uso nayo.

Anasema kabla ya msimu ujao wa wageni anataka kuweka benchi katikati ya njia, ili wazee wa vijiji vyote wapumzike na kufika juu kwa miguu yao. Mumewe ameshapiga randa mbao.

“Wekeni mawili,” mama anaamuru kutoka kwenye kiti chake. “Nitakuja na jirani yangu, na yule ni mnene.”