Tonge la Bi Fusae

Mimi sikuoa, niliolewa. Nilihamia kwa akina mke wangu, Chizuru, nikachukua jina la ukoo wao, Kuramochi, na kiwanda chao cha sake, pombe ya mchele, hapa milimani Yamagata, Japani. Baba mkwe alitaka mrithi. Alichopata ni mtu anayeiva uso kama nyanya kwa kikombe kimoja, na aliyewahi kutumbukia mzimamzima kwenye tangi la kuoshea mchele.

"Wewe una mdomo," aliniambia mwishowe. "Tembeza wageni."

Basi kila msimu wa baridi, sake inapotengenezwa, mimi huwapitisha wageni kwenye maduka ya vyakula, kisha nawaleta kiwandani waonje. Sharti ni moja: siku hiyo hakuna kula nato, yale maharage ya soya yaliyochacha, yanayovutika kama kamasi. Vijidudu vyake vikiingia kwenye chumba cha kuoteshea ukungu wa kuchachushia mchele, kazi ya msimu imeharibika.

Mwaka jana walikuja walimu wastaafu kutoka Osaka, wote akina mama. Kwenye kila duka niliwakataza nato, kwa kidole na kwa sauti.

"Tumesikia, kiongozi," akasema mkubwa wao, Bi Hisano. "Hata marehemu mume wangu hakunikataza vitu namna hii."

Dukani kwa Bi Fusae, muuza achari, mwenyewe akanipa tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Nikawa naeleza habari za figili huku natafuna, kwa madaha kabisa. Ghafla wageni wote wakanikodolea macho mdomoni. Nikatazama chini. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia kutoka mdomoni mwangu hadi kwenye tonge.

"Kiongozi," Bi Hisano akauliza kwa upole, "hiyo siyo nato?"

"Mungu wangu!" Bi Fusae akashika mdomo. "Nimekupa la mume wangu!"

Mtu mwenye akili angetema. Mimi nilimeza, kwa sababu lilikuwa tamu.

Tulipofika kiwandani, baba mkwe alikuwa amesimama langoni. "Kuna aliyekula nato?"

Wastaafu wote wakaninyooshea kidole kwa pamoja, kama darasa lililofunzwa vizuri.

"Chizuru!" mzee akaita. "Njoo upokee wageni. Mumeo kala nato."

"Huyohuyo anayekataza wenzake?" sauti ikajibu ndani.

Nikabaki nje kwenye theluji. Chizuru ni mtu wa maneno machache. Nilidhani wageni watasinzia. Badala yake nikasikia vicheko vikipasuka, kimoja baada ya kingine. Sikujua nione wivu au nijivune, nikafanya vyote viwili huku natetemeka.

Walipotoka, mashavu mekundu, chupa kwapani, Bi Hisano akanisogelea. "Mkeo anajua kusimulia! Katusimulia habari zako tu."

"Nzuri?"

"Hapana."

Tangu siku hiyo Chizuru ndiye anayepokea wageni ndani, na chupa zinanunuliwa zaidi kuliko enzi zangu. Mimi nazunguka nao madukani, safari yangu inaishia langoni, hata nisipokula chochote. Wengine huomba kupiga picha na mimi hapo. Baba mkwe ameniwekea kiti. Theluji ikizidi, hutoka mwenyewe kukipangusa, ananinusa mdomo, kisha anarudi ndani.