Meza Aliyokuwa Akikalia Baba Mkwe

Kila mwezi baba mkwe wangu alikuwa anapanda gari kutoka Mwimbi kuja Sumbawanga kliniki ya presha, na kila akifika kwetu alikuwa anakaa juu ya meza.

Makochi yetu ni yale ya kuzama. Mwenye magoti mabovu akishaingia humo, kutoka ni kazi. Kwa hiyo mzee alikuwa anavua kofia, anaitikia shikamoo yangu, ananikabidhi mfuko wa unga wa ulezi, kisha anaketi katikati ya sebule juu ya kimeza chetu, koti lake zito limefunika kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu. Chai nilimshikisha mkononi, maana pa kuiweka amepakalia.

Mkwe hamwambii baba mkwe ainuke. Nikamwomba mume wangu aseme yeye.

"Nimwambie nini? Mzee amechoka na safari, nianze kumfundisha kukaa?"

"Mwambie tu kwamba ile ni meza."

"Kwani haoni?"

Julai, mguu mmoja wa kimeza ukavunjika. Mzee akaenda chini pamoja na kikombe chake. Hakuumia, na alicheka, huku mume wangu anamwinua. Niliona aibu wiki nzima. Lakini nisijifiche: chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha kidogo, kwamba sasa tutanunua meza nyingine.

Niliyoitaka nilikuwa nayo kichwani siku nyingi. Ya kioo, mviringo, miguu myeusi myembamba. Ilikuwa kwenye duka moja la samani ninalopita nikitoka kazini, na nilikuwa nasimama kuiangalia bila hata kuingia. Jumamosi nikampeleka mume wangu. Akakigonga kile kioo kwa kidole.

"Na baba akija?"

Tulitoka dukani nikiwa nimetangulia hatua kumi mbele yake.

Tukaenda kwa seremala. Nikamweleza: mninga, fupi, miguu minene, isitikisike. Fundi akaacha randa yake akaniangalia.

"Mama, unataka meza au benchi?"

"Meza."

"Maana hivi vipimo vya benchi."

"Wewe tengeneza."

Akasema njoo Alhamisi. Alhamisi mbao zilikuwa hazijakauka. Alhamisi iliyofuata alikuwa msibani Kaengesa. Ya tatu niliikuta imekamilika, lakini ameipandisha mpaka karibu na kiuno changu, eti ili ipendeze. Akakata miguu nikiwa nimesimama pale pale. Mmoja ukazidi, akaukata, ukazidi mwingine. Kuiingiza nyumbani ilibidi tung'oe mlango kwenye bawaba. Ilipotua sebuleni nikaona jeneza lililopakwa vanishi. Wiki ile nilijigonga ugoko mara tatu, na kila mara nilimtazama mume wangu kana kwamba yeye ndiye aliyenipiga.

Mzee akaja. Akavua kofia, akaitikia salamu, akatoa unga. Nilikuwa nimeondoa kila kitu juu ya meza kumpisha. Akaizunguka taratibu, akaupapasa ubao kwa kiganja, akasema, "Mninga huu," kisha akaenda kuzama kwenye kochi.

Nikadhani anaogopa kuanguka tena. Wakati wa kwenda kulala tulimvuta watu wawili, mimi mkono huu, mume wangu ule, naye anaguna kwa maumivu. Asubuhi vivyo hivyo. Uvumilivu ukaniishia.

"Baba, mbona siku hizi hukai hapo? Hii ni imara, haivunjiki."

Akanishangaa. "Mwanangu, mtu anakaa juu ya meza?"

"Lakini ile ya zamani…"

"Ile ilikuwa meza?" Akamgeukia mwanawe. "Si kigoda kile? Mbona hamkuniambia?"

Mume wangu akakoroga chai ambayo ilishakorogwa. Mzee akainamisha kichwa, akaanza kuniomba radhi kwa ajili ya kitambaa changu, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote: mtu mzima, mgonjwa wa magoti, ananiomba radhi kwa sababu watu wawili wenye midomo walishindwa kusema sentensi moja. Nikamwambia, "Hapana baba, kosa ni letu," lakini alikuwa ameshaona haya.

"Unahitaji kitu gani hasa, baba?" nikamwuliza. Sikuwahi kumwuliza.

"Kiti tu. Kiwe na mikono, nikishike nikiinuka."

Nilipomsindikiza stendi nikapitia kwa seremala. Nikamwambia nataka kiti kimoja, cha mbao, chenye mikono.

"Na ile meza vipi?"

"Ipo."

Akaandika vipimo kwenye kipande cha ubao, akaniambia nije Alhamisi. Nilikwenda. Hakuwepo, na karakana ilikuwa na kufuli.