Fundi Lifti na Dawa ya Dada Yake

Fundi lifti alikuwa amesimama juu ya paa la lifti, anapaka grisi, ndipo lifti ikaponyoka na kushuka naye ghorofa tatu kabla breki hazijakumbuka kazi yake. Hakuvunjika hata ukucha. Watu wakampa pongezi, naye akawalipa kwa tabu.

Maana tangu siku hiyo, sufuria ikianguka jikoni, fundi yuko chini ya meza. Upepo ukibamiza dirisha, fundi yuko chini ya meza. Mke wake akaanza kupafagia vizuri huko chini, akisema mume wake amehamia.

Kazini ndiyo usiseme. Anaitwa kutengeneza lifti ghorofa ya nane, anapanda ngazi na begi la vifaa, anafika ulimi nje.

"Fundi, kwani lifti ya upande wa pili nayo mbovu?"

"Nzima."

"Sasa mbona ngazi?"

"Nazipenda tu."

Fundi lifti anayependa ngazi ni kama mpishi anayekula kwa jirani. Kazi zikaanza kupungua, mke akamkokota hadi kwa mama mshauri wa hospitali. Yule mama hakumpa hata kidonge. Alimpeleka akaitazame lifti kwa mbali. Siku nyingine asimame mlangoni. Siku nyingine atie mguu mmoja. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka fundi akapanda mwenyewe hadi juu, akashuka anapiga mluzi.

Sasa, mtu aliyepona ni hatari kuliko mgonjwa. Mgonjwa anasumbua nyumba yake tu. Aliyepona anasumbua mtaa mzima. Fundi akawa daktari. Jirani anayeogopa mbwa aliletewa mbwa. Kinyozi anayeogopa sindano alionyeshwa sindano hadi akahama njia. Walipokwisha majirani, fundi akageukia nyumbani, akamtazama dada yake.

Dada mtu alikuwa anakaa nao, anashona nguo kwenye chumba cha nyuma, baada ya kumkimbia mume aliyempiga kwa miaka mingi. Ndugu wote walimsifu. Yule hana neno, walisema, mgonjwa ni kaka yake anayeruka ruka. Na kweli, sufuria ingemwangukia utosini asingeshtuka, angeiomba radhi. Ukimkanyaga, samahani anaitoa yeye. Ukisifu gauni alilolishona, anatafuta kasoro hadi anaipata, anakuonyesha. Wenzake wakicheka anacheka, wakiacha anaacha. Na kabla mtu hajagonga mlango, yeye ameshajua kwa vishindo vya ngazini kama ana hasira au hana.

Fundi ndiye pekee aliyegundua jambo moja. Mezani, dada hali mpaka kaka ameze tonge la kwanza, na macho yake yako usoni kwa kaka. Fundi akakata shauri: huyu naye anaumwa. Tusimnyime haki yake, hapo alipatia. Alikosea dawa.

"Nitamzoesha," akamwambia mkewe.

"Na nini?"

"Na kile kilichomtisha. Kidogo kidogo, kama mimi."

"Kilichomtisha kinavaa suruali, baba."

"Atakaa kule karibu na mlango. Chai kidogo, aondoke."

"Na ile lifti, uliialika chai?"

Fundi akaona huo ni wivu wa watu wasiosoma. Akangoja Jumapili mke alipotoka, akampigia simu shemeji.

Shemeji akaja na shati limenyooshwa na adabu ya harusini. Fundi akamketisha kiti cha mbali kabisa, akamwita dada, akaanza kupima: jasho, pumzi, mikono. Hakuna kitu. Dada alisalimia. Alileta chai, sukari akaitia mwenyewe bila kuuliza. Akaona kifungo cha shati la yule bwana kimelegea, akaleta sindano, akakikaza hapo hapo kifuani kwake. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Fundi akajipongeza kimoyomoyo: hatua ya mguu mmoja tumeiruka!

Shemeji akamaliza chai, akasimama. Akasema kwa upole, "Haya, chukua vitu vyako."

"Ndiyo," dada akasema, akaingia chumbani, akatoka na mkoba na mkasi wake wa kushonea. Uso kama wa mtu aliye kwenye foleni ya benki.

"We! Unakwenda wapi?" fundi akauliza.

"Si umemwita, kaka?"

"Nimemwita ukae naye kidogo, uzoee!"

"Nilishazoea, kaka. Miaka yote ile nilikuwa nazoea."

"Shemeji," yule bwana akasema, "mambo ya mume na mke haya."

Fundi alitaka kusema neno zito, lililotoka mdomoni likawa, "Chai imekwisha, shemeji." Lakini alilisema amesimama kati ya dada na yule bwana, na hakusogea. Wakatazamana. Bwana akatoka anatukana, na matusi yake mke wa fundi aliyasikia yote, maana alikuwa anapanda ngazi. Yaliyobaki alimalizia yeye, kwa mume wake.

Kesho yake fundi alikuwa kwa mama mshauri, ameinamisha kichwa.

"Lifti haikukutafuta wewe," mama akamwambia. "Haikujui. Haijawahi kukwambia kosa ni lako. Wewe ulitakiwa kujua kwamba lifti nyingi ni salama. Dada yako alitakiwa kujua kwamba kwako ni salama. Na jana umemwonyesha nini?"

"Sasa nimfanyeje?"

"Ulishamuuliza?"

Fundi akakuna kichwa. Alikuwa amemuuliza hata yule mbwa, ila si dada yake.

Nyumbani akakuta mkoba bado umefungwa, uko miguuni kwa cherehani. Akaomba msamaha. Dada akamjibu samahani. Akamuuliza anataka nini, dada akasema hajui, akaendelea kushona. Fundi akakaa pale kizingitini, na kwa mara ya kwanza hakutoa ushauri. Ilimuuma.

Gauni likaisha. Dada akakata uzi.

"Komeo," akasema.

"Komeo?"

"La mlango wangu. La ndani."

Fundi akarudi na komeo na keekee kabla dada hajabadili nia. Ila ufundi ni ugonjwa. Akatoboa, akafunga, halafu akapima tundu jingine upande wa nje.

"La nini hilo?" dada akauliza.

"La kufungulia kwa nje. Mlango wowote lazima ufunguke kwa nje, ikitokea dharura. Ndiyo sheria ya lifti."

"Hapana."

Lile neno lilikuwa halijawahi kusikika kwenye nyumba ile kutoka kinywani mwake. Fundi akaweka keekee chini.

"Sawa. Lijaribu."

Dada akafunga mlango. Komeo likaingia, tak.

"Linashika?" fundi akauliza akiwa nje.

"Linashika."

"Haya, fungua nichukue bisibisi yangu."

Akamsikia anavuta kiti, anafungua mkoba, anatoa nguo.

"Kesho," dada akasema.