Nne kwa Nne

Hasira ya Bi Rula ilianza saa nne asubuhi, chai ikiwa bado haijaletwa. Jina hilo walimpachika wanafunzi wake, kwa sababu tangu aanze kufundisha historia hajawahi kupiga mstari kwa mkono mtupu. Sasa alikuwa ukumbini na walimu wenzake, wakisahihisha mtihani wa taifa, na meza yao ilipewa swali moja tu, la saba: taja mambo manne yaliyomwezesha Kleopatra kuitawala Misri kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwongozo wa kusahihisha ulitaka haya: uzuri wake, hila zake, wanaume wake wakubwa, utajiri aliorithi. Bi Rula alikuwa ameshapitisha karatasi zaidi ya mia mbili bila kufikiri. Kisha akakutana na mtahiniwa mmoja, mwandiko kama kuku kaparua, aliyeandika kwamba malkia yule alijua lugha nyingi, alisimamia kodi na nafaka, alitafuta washirika kama mfalme yeyote, na alitoa sarafu zenye sura na jina lake. Chini akaongeza kwamba habari za uzuri zilikuzwa na maadui waliomshinda. Kwa mwongozo, hiyo ni sifuri.

Damu ikamchemka. Mwanamke anaendesha nchi miaka yote hiyo, akishakufa wanamwachia sura tu. Hata yeye alipofanywa mkuu wa idara, walimu walinong'ona kwamba kapewa kwa sura, na sura yenyewe, aliijua vizuri, haikuwahi kumpatia hata lifti. Akashika kalamu nyekundu, akampa nne kwa nne.

Kiongozi wa meza, bwana mmoja mwenye kitambi na kalamu ya kijani, hukagua kila karatasi ya kumi, na hiyo ilikuwa ya kumi. Akaikata nne, akaweka sifuri, akamkumbusha kwa upole kwamba anayebishana na mwongozo haitwi tena kusahihisha. Bi Rula akajibu kwamba wamfukuze hata leo, lakini kwanza aletewe mpumbavu aliyeutunga.

Yule bwana akashusha sauti. "Ni mimi, Mwalimu. Nimeutoa kwenye daftari langu la shule. Wewe ndiye uliyetuimbisha: uzuri, hila, wanaume, utajiri. Nilipata nne kwa nne."

Meza nzima ikajifanya inasahihisha. Bi Rula alikumbuka. Alikuwa akigonga meza kwa rula, kila neno pigo moja, darasa likiitikia, maana ndivyo walivyofaulu. Hasira haikupungua hata kidogo, ila sasa alijikasirikia mwenyewe.

"Basi nilikufundisha uongo," alisema, "na wewe unaugawa nchi nzima."

Akaomba fomu ya malalamiko. Akajaza namba ya mtahiniwa, na mahali palipoulizwa chanzo cha kosa akaandika jina lake kamili, akalipigia mstari kwa rula.