Alama za Mkaa Kwenye Kalenda

Mjukuu wangu alirudi Kibondo kutoka chuo amekonda. Utafiti wake wa mwisho ulikuwa umerudishwa, na ukikataliwa tena hahitimu. Aliandika kwamba wakimbizi wa kambini ndio waliopandisha bei ya maharage sokoni kwetu. Kambi ilijaa, bei ikapanda, akaona yamekwisha. Mwalimu wake akamjibu kwamba vitu viwili vinavyopanda miaka yote vitafanana hata kama havijuani.

“Hata mimi kila mwaka nazidi kuzeeka,” nikamwambia. “Basi mimi ndiye niliyepandisha bei.”

“Ndivyo alivyosema, Bibi. Ila yeye hakutania.”

Sasa mjukuu wangu alitafuta kitu kilichowasukuma watu wa kambini kuja sokoni wiki hii na kuwazuia wiki ile, chenyewe kisiguse maharage kwa njia nyingine. Tena kisiwe cha kupanda tu. Nikamtajia nyumba za mabati zinazojengwa kila mwaka.

“Nazo zinapanda tu, Bibi!”

Nikamtajia posho, chakula cha msaada wanachogawiwa kambini. Ikichelewa, akina mama wa kambini hujaa sokoni; ikifika, huwaoni. Mimi nilikuwa nawauzia unga wa muhogo, kwa hiyo kila ilipochelewa nilitia alama ya mkaa kwenye kalenda. Na kalenda situpi. Mpya naibandika juu ya ya zamani, ukuta usimwage vumbi.

Tukazibandua kwa maji ya uvuguvugu. Alipoziona alama akapiga kigelegele, kisha akainama kuzisoma tarehe.

“Bibi, malori ya posho yalichelewa kwa nini?”

“Tope. Barabara yetu huijui?”

“Na mvua hiyo, maharage yaliyoanikwa yalifanyaje?”

“Yalioza. Ulitaka yacheke?”

Akaketi chini. Mvua imegusa kote kuwili, posho na maharage, akasema. Alama hizo hazifai. Nikamwambia azitumie hivyo hivyo, mwalimu wake tope letu atalijulia wapi? Ndiyo, nilimshauri hivyo, mimi niliyemchapa utotoni kwa uongo wa kijiko cha sukari.

“Nitajua mimi, Bibi.”

Akaiondoa miezi yote ya mvua. Zikabaki alama chache za kiangazi, za malori yaliyoharibika njiani. Akaanza upya na hizo. Mimi si mtu wa kusifu. Nilimsongea ugali, nikamwachia meza.

Safari hii utafiti ulipokelewa. Ulisema kambi ilipandisha bei kidogo, na kwamba kwa alama chache hivyo hawezi kuapa. Jirani yangu akacheka: kusoma kote huko, kuja kusema huna hakika?

Nikamwambia anyamaze. Wenye hakika tunao wengi.